Barabara ya Manyoni, Singida na Shelui: Njia Yake, Historia Yake na Bei ya Mazao

Mwanachama wa chama cha msingi aulizwapo kwa nini bei ya alizeti kijijini kwake ni ndogo kuliko bei ya Singida mjini, aghalabu hujibu kwa neno moja: usafiri. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi, kwa maana usafiri nao una historia yake. Barabara ambayo leo yapitisha malori ya Dar es Salaam, Mwanza, Kigali na Bujumbura katikati ya Mkoa wa Singida haikukusudiwa kwanza kwa ajili ya mkulima wa Singida. Ilipitishwa humo kwa haja za watu wengine, katika nyakati mbalimbali, na kila mara wenyeji waliachiwa kazi ya kutafuta namna ya kuifanya iwafae wao. Somo hili laeleza njia yenyewe, jinsi ilivyopatikana, na mambo ambayo yaipasa kamati ya chama kuyafahamu kabla ya msimu wa kuuza kuanza.

NJIA IPITAVYO

Msafiri atokaye Dodoma akielekea magharibi huipita Bahi, kisha huingia Mkoa wa Singida katika nchi tambarare ya Kintinku, ambayo ni sakafu ya Bonde la Ufa. Mbele yake husimama ukingo wa bonde hilo kama ukuta, na barabara na reli hazina budi kuupanda. Reli hupandia Saranda. Juu ya ukingo, upande wa kusini, ndipo ilipo Kilimatinde, na ndani zaidi ni Manyoni. Hapo reli ya kati huendelea magharibi kwenda Itigi na Tabora, bali barabara kuu hugeuka kaskazini.

Kutoka Manyoni hadi Singida mjini ni kiasi cha kilomita 120. Katika kipande hicho barabara huipita Isuna, Ikungi, na Mkiwa ambako njia ya Itigi na Rungwa huachana nayo. Mji wa Singida wenyewe umekaa kati ya majabali na maziwa mawili ya chumvi, Singidani na Kindai. Hapo hutokea barabara nyingine kubwa, iendayo Katesh chini ya Mlima Hanang, kisha Babati na Arusha. Barabara ya kwanza huendelea kaskazini magharibi kwa kiasi cha kilomita 110 zaidi. Huipita Iguguno, kisha Misigiri panapotokea njia ya Kiomboi, na hatimaye huteremka Mlima Sekenke kufikia Shelui. Baada ya hapo ni mbuga ya Wembere, na ng'ambo yake ni Igunga na Nzega katika Mkoa wa Tabora.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya mkoa huu ni nchi ya juu iliyowekwa kati ya mabonde mawili. Atokaye mashariki hupanda kuingia, naye aendaye magharibi huteremka kutoka. Madereva waijuao Sekenke ya zamani, wakati barabara ilipokuwa ya udongo, hawahitaji kukumbushwa maana ya kona na mteremko ule kwa lori lenye mzigo. Hata baada ya lami, mlima huo haujaacha kudai breki nzima na mwendo wa taratibu.

MISAFARA, RELI NA MALORI

Kabla ya barabara kulikuwa na njia ya miguu. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, ilipita Ugogo, ikaupanda ukingo wa bonde, kisha ikaingia nyika kavu yenye vichaka iliyojulikana kwa jina la Mgunda Mkali. Sehemu kubwa ya nyika hiyo sasa imo katika nchi ya Manyoni na Itigi. Burton na Speke waliivuka mwaka 1857, na Stanley akaivuka mwaka 1871, lakini waliokuwa wakiivuka mwaka hata mwaka ni wapagazi, hasa Wanyamwezi, kila mmoja akiwa na mzigo wa kiasi cha kilo 30 begani. Yafaa kulinganisha: lori moja lenye tela, likibeba tani 30, hubeba mzigo wa wapagazi 1,000.

Katika Ugogo wenye visima na watawala wa njia waliwatoza wasafiri hongo. Waandishi wa Kizungu walilalamika sana juu ya jambo hilo, wakaliita unyang'anyi. Lakini yatosha kuuliza ni nani aliyekuwa na haraka, na ni nani aliyekuwa na maji. Mwenyeji aliyekaa juu ya njia akiwa na maji na nafaka alikuwa na nguvu ya kupanga bei, maadamu msafiri hakuweza kungoja. Hali hiyo itaonekana tena mbele katika somo hili, ila safari hiyo mwenye haraka atakuwa ni mkulima.

Wajerumani waliweka boma Kilimatinde, juu ya njia ya misafara. Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Njia ya miguu ikafa. Kilimatinde, iliyokuwa mahali pa maana wakati wa misafara, ikaachwa kando, na Manyoni ikakua kwa kuwa ilikuwa na stesheni. Umbali kati ya miji hiyo miwili si mkubwa hata kidogo, lakini ulitosha.

Wakati huohuo kulikuwa na mambo mengine upande wa Iramba. Dhahabu ilipatikana Sekenke kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wamezingirwa, dhahabu hiyo ilitumika kupiga sarafu za rupia 15 mjini Tabora, zenye picha ya tembo. Kulikuwa na mpango pia wa kuyaleta maji ya Ziwa Victoria katika mbuga ya Wembere ili ilimwe pamba. Mpango huo haukutekelezwa. Dhahabu ilitoka na pamba kubwa haikuja, na mkulima wa Iramba akaendelea kusafirisha nafaka yake kwa punda na kwa kichwa.

Waingereza nao walikuwa na barabara yao kubwa, iliyotazamiwa kuunganisha kusini na kaskazini mwa Afrika. Katika Tanganyika ilipita Iringa, Dodoma, Kondoa, Babati na Arusha. Singida haikuguswa. Reli ilikuwa kusini yake na barabara kuu mashariki yake, na nchi ya Wanyaturu na Wanyiramba ikabaki katikati, ikifikika kwa njia za udongo ambazo mvua ilizifunga.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo vijana wengi wa mkoa huu hawakulisikia. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilijenga tawi la reli kutoka Manyoni, likapita Singida na kuishia Kinyangiri katika Iramba. Kwa mara ya kwanza gunia la nafaka liliweza kupakiwa Iramba na kufika pwani kwa reli. Lakini tawi hilo halikupata mzigo wa kutosha kulipia gharama zake, na katika miaka ya 1940 lilifungwa na reli zake ziking'olewa. Malori yakachukua nafasi yake juu ya barabara ya changarawe. Miongo kadhaa baadaye tawi lilijengwa upya kutoka Manyoni, safari hii likaishia Singida mjini, kiasi cha kilomita 115.

Wengi huliona jambo hilo kuwa ni habari ya wahandisi tu. Ukweli ni kwamba njia ya uchukuzi huishi kwa mzigo. Mzigo wa mkoa huu ulikuwapo tangu zamani, lakini ulikuwa umetawanyika: magunia mawili hapa, matatu kule, kila kaya na siku yake ya kuuza. Gari-moshi haliwezi kusimama katika kila kaya. Kazi ya kuukusanya mzigo mahali pamoja, kwa siku inayojulikana na kwa kipimo kimoja, ni kazi ambayo mtu mmoja mmoja haiwezi, na ndiyo kazi ya asili ya chama cha ushirika cha mazao.

BEI MOJA, KISHA BEI NYINGI

Mkoa wa Singida ulianzishwa mwaka 1963 kwa kugawanywa Mkoa wa Kati uliokuwa na makao yake Dodoma. Mwishoni mwa mwaka 1973 ilitangazwa kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wamekwisha kukaa katika vijiji. Mahali pengi vijiji hivyo viliwekwa kando ya barabara, ili huduma ziweze kufika. Atazamaye leo nyumba zilizopangwa pande mbili za njia kwa maili nyingi, ilhali mashamba yako mbali nyuma yake, huona alama ya miaka ile.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 serikali iliweka pia bei moja kwa nchi nzima kwa mazao makuu ya chakula. Mkulima wa kijiji kilicho mbali na reli alilipwa sawa na yule aliye karibu na Dar es Salaam. Umbali haukufutika kwa hilo. Gharama yake ilibebwa na shirika lililonunua, yaani Shirika la Usagishaji la Taifa, na nyuma yake Hazina. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na vijiji vikawa vyauza mazao kwa mashirika ya umma moja kwa moja. Mkulima hakuwa na sababu ya kuhesabu kilomita. Hasara yake ilikuwa ya namna nyingine: malipo kuchelewa, lori kutokuja, mazao kunyeshewa penye kituo cha kununulia.

Sheria ya mwaka 1982 iliruhusu vyama vikuu kurudi. Lakini katika miaka iliyofuata bei moja iliondolewa hatua kwa hatua, na biashara ya nafaka ikafunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi. Siku hiyo kilomita zilirudi katika bei ya mkulima, na hazijatoka tena. Mnunuzi afikapo kijijini huanza na bei ya sokoni, akatoa nauli, akatoa ushuru, akatoa faida yake, na kinachobaki ndicho anachokitaja. Mwanachama asiyejua nauli halisi ni kiasi gani hawezi kujua kama aliyopunguziwa ni nauli au ni zaidi ya nauli.

Mfano ufuatao wafaa kufanyiwa hesabu ubaoni. Tuseme kijiji kiko kilomita 20 kutoka barabara kuu, na lori la tani 7 hukodiwa kwa Sh. 210,000 kwa safari moja. Likijazwa magunia 70 ya mahindi, yenye kilo 100 kila moja, nauli ni Sh. 3,000 kwa gunia. Likibeba magunia 35, nauli ni Sh. 6,000. Sasa mnunuzi huwaendea wakulima saba, kila mmoja na magunia yake 10, na humwambia kila mmoja kwamba mzigo wake ni mdogo, hivyo atamkata Sh. 6,000 kwa gunia. Jioni lori limejaa magunia 70. Mnunuzi amekata Sh. 420,000, amelipa Sh. 210,000. Zilizobaki zingetosha kulikodi lori lile mara ya pili. Wakulima wale saba hawakuibiwa na mtu. Walikosa tu kukusanyika siku moja.

Kwa alizeti hesabu ni kali zaidi. Gunia linalochukua kilo 100 za mahindi huchukua kiasi cha kilo 65 tu za alizeti, kwa kuwa mbegu hiyo ni nyepesi na maganda yake ni mengi. Lori hujaa kwa ukubwa kabla ya kujaa kwa uzito. Magunia 70 ya alizeti ni tani nne na nusu tu, nauli ni ileile, na kwa kila kilo mkulima hulipa kiasi cha Sh. 46 badala ya 30. Ndiyo sababu mashine ya kukamulia iliyo kijijini ina thamani kuliko ionekanavyo. Mafuta ni kama robo ya uzito wa mbegu, na zaidi kidogo mbegu ikiwa nzuri na mashine ikiwa nzima. Anayesafirisha mafuta husafirisha kitu chenye bei kubwa katika dumu dogo, na mashudu hubaki kuwalisha kuku na ng'ombe, au huuzwa peke yake.

LAMI NA MASHARTI YAKE

Lami ilifika katika karne hii. Vipande vya Dodoma hadi Manyoni, Manyoni hadi Singida na Singida hadi Shelui vilijengwa kimoja baada ya kingine, na baadaye kile cha Singida, Katesh na Babati. Vitunguu vya Singida, vinavyokusanywa katika soko la Misuna mjini, vikaanza kufika masoko ya mbali kabla havijaoza. Kuku nao husafiri kwa matenga juu ya mabasi kwenda Dar es Salaam.

Lakini lori la tani 30 haliachi lami kuingia kijijini. Barabara nzuri imezidisha tofauti kati ya kijiji kilicho juu yake na kile kilicho kilomita 20 ndani, na hili ndilo jambo ambalo mipango ya vyama haijalipa uzito unaostahili. Hapa ndipo mwenye haraka amekuwa ni mkulima. Yule aliyeleta vitunguu vyake kando ya lami kwa baiskeli au kwa mkokoteni hana ghala, hana mizani, na jua linawaka. Dereva anaweza kupita akaenda kijiji kinachofuata. Ndipo hutokea lumbesa, gunia lililoongezwa kichwa cha nyavu juu yake, ambalo huhesabiwa kuwa moja.

Lumbesa ni kosa kwa mujibu wa Sheria ya Vipimo, na gunia la mazao halipaswi kupita kilo 100. Zaidi ya hayo humdhuru hata msafirishaji. Nchi za Afrika Mashariki zina sheria ya mwaka 2016 juu ya uzito wa magari: gari lenye mzigo halipaswi kuzidi tani 56 kwa jumla, na kila ekseli ina mpaka wake. Lori lililojazwa magunia yasiyopimwa hufika penye mizani ya barabarani bila dereva kujua uzito wake, likatozwa faini au likaamriwa kupunguza mzigo. Sababu ya ukali huo ni ya kihandisi. Madhara ya gurudumu juu ya barabara hayaongezeki sawasawa na uzito. Huongezeka upesi mno. Ekseli iliyowekewa tani 12 badala ya 10 huiumiza lami kiasi cha mara mbili, si mara moja na moja ya tano kama mtu angedhani.

Barabara ya udongo ina adui mwingine, nayo ni maji. Ikiwa katikati yake imeinuka na mitaro ya kando iko wazi, mvua huteremka na kuondoka. Mitaro ikizibwa, maji hukaa katikati, magari hukata makorongo, na greda linalokuja mara moja kwa mwaka hukuta kazi ya miaka mitatu. Katika udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa Wembere, hali ni mbaya zaidi, kwani udongo huo huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na changarawe iliyomwagwa juu yake bila tuta humezwa msimu mmoja. Chama hakina greda. Hata hivyo wanachama wenye majembe waweza kuzibua mitaro na midomo ya makalavati mwezi Oktoba, kabla ya mvua, na kazi hiyo ya siku mbili huokoa safari nyingi za lori.

Kwa yaliyo makubwa zaidi, barua na iandikwe mahali panapostahili. Barabara kuu na za mkoa zimo mikononi mwa Wakala wa Barabara, ulioanza kazi mwaka 2000. Zile za wilaya na vijiji ni za Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ulioanzishwa mwaka 2017. Barua nyingi za vijiji huchelewa kwa kuwa zimepelekwa kwa wakala usiohusika.

Jambo la mwisho ni ghala. Mahali pazuri pa ghala ni pale njia ya kijiji ikutanapo na lami, ili lori kubwa liweze kupakia. Lakini Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilitenga hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu, ambayo hapo awali ilikuwa mita 22.5. Jengo lililowekwa ndani ya mipaka hiyo laweza kuandikwa alama ya X na kubomolewa, hata kama limejengwa kwa michango ya wanachama na kufunguliwa kwa ngoma. Kamati na ipime kwa kamba kabla ya kununua kiwanja, tena mbele ya afisa ardhi wa wilaya, na vipimo viandikwe katika kitabu cha mikutano. Ghala lililo salama laweza pia kuombewa leseni chini ya Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005, ili mwanachama aweke mazao yake humo na asilazimike kuuza siku ileile aliyovuna.

MASWALI YA KUJADILIWA NA VIKUNDI

Katika msimu uliopita, wanachama wa chama chenu waliuza mazao yao katika siku ngapi mbalimbali, na kwa wanunuzi wangapi? Katibu alete daftari.

Nauli ya lori kutoka kijijini kwenu hadi barabara kuu ni kiasi gani likijaa, na mnunuzi wa mwisho alikata kiasi gani kwa gunia? Andikeni namba hizo mbili ubaoni, moja juu ya nyingine.

Ni mitaro na makalavati mangapi kati ya ghala lenu na lami, na ni yapi yaliyoziba sasa?